Kitabu chenye Kibanio

Kila mwaka ukikaribia kwisha, fundi redio hupangusa meza yake kwa kiganja na kupanga vitu vitatu vilivyomkosha roho: kifaa kimoja, kitabu kimoja, na kitu kimoja alichokiunda mwenyewe. Kwa mazoea ya kutoa vumbi, hupuliza kila anachokishika, hata kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Safari hii ameweka bisibisi yenye kijitaa cha kupimia umeme, na redio aliyoiunda ndani ya kopo la maziwa ili marehemu mkewe aisikilize kitandani alipokuwa akiugua. Kitabu amekiweka mwisho, akakipuliza. Katikati yake kimechomekwa kibanio cha nywele.

"Baba, hiki si hamkukimaliza?" bintiye akauliza.

"Mama yako ndiye aliyekuwa akinisomea nikichomea nyaya. Alifika hapo, akasema tutaendelea kesho."

"Basi lete nikumalizie."

Fundi akakifunika kwa kiganja, kama anayezuia karatasi zisipeperuke. "Acha tu, mwanangu. Yeye kaondoka bila kuujua mwisho wake. Mimi niujue, nikamsimulie nani?"

Kisha akaiwasha ile redio ya kopo, akaipunguza sauti mpaka ikawa kama ya chumba alimolala mgonjwa.