Cha Kwanza Hakiuzwi

Sisi wa zamani tuna haki ya kulalamika. Najua mtasema mwenye miaka kumi na saba ana uzamani gani, mtu bado anavaa soksi nyeupe na kukimbilia namba shuleni asubuhi. Lakini waulizeni wenzangu wa kidato cha tatu tuliokulia Magomeni ya Bagamoyo, wakati njia ya mtaani kwetu bado mchanga mtupu unaounguza nyayo. Dunia yetu imekwisha tukiiangalia. Juzijuzi nilihudhuria mazishi yake pale ufukweni, na mazishi yenyewe yalikuwa na tiketi, muziki na mshereheshaji.

Waliyaita tamasha la vyakula vya mtaani. Hapo hapo nina neno. Chakula cha mtaani kimezungushiwa uzio wa mabati, na mlangoni unafungwa utepe wa karatasi mkononi kama mgonjwa wa kulazwa. Mtaa gani huo wenye mlinzi? Ndani, kila kitu kinaonjwa kwa kijiti cha meno. Nanasi la Kiwangwa, ambalo sisi tulikuwa tunalipasulia gotini, maji yakitiririka mpaka kwenye kiwiko, limekatwa vipande kama vifutio vya penseli. Muhogo wa kukaanga umewekwa mmoja, peke yake, katikati ya sahani nyeupe, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Nikamwona dada mmoja anaupiga picha kutoka pande zote nne. Alipomaliza akaenda zake. Muhogo akauacha.

Enzi zetu hakuna aliyetufundisha kuonja, maana kuonja ilikuwa kazi, tena kazi ya heshima, na mimi niliwahi kuwa nayo.

Aliyeniajiri ni Bi Tatu. Si bibi yangu wa damu, ni bibi wa mtaa mzima, na vitumbua vyake ndivyo vilivyotuamsha kabla ya jogoo. Mchele aliuloweka tangu jana yake, akautwanga mwenyewe kwenye kinu kwa sababu hakuiamini mashine ("mashine inasaga mpaka roho ya mchele"). Nazi aliikuna kwa mbuzi, akakamua tui zito linaloshika kidole. Iliki alitafuna punje moja kwanza kuona kama iko hai. Ukipita kona yake baada ya adhana ya alfajiri unasikia chuma kinanong'ona, kile chuma chenye vishimo, na harufu inakushika pua inakuvuta kama ng'ombe wa mnadani.

Sasa Bi Tatu alikuwa na sheria moja ambayo hata mjumbe hakuweza kuivunja: kitumbua cha kwanza hakiuzwi. Kinaliwa na mtoto. Mafundi baiskeli wangeweza kusimama wamechelewa kazi, mikono kiunoni, wanalalamika, na bibi hana habari nao. Anageuza kwa kijiti chake, anakitoa cha kwanza, anakipuliza mara tatu, anampa mtoto aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Halafu anauliza, "Haya, ulimi unasemaje?"

Mtoto huyo nilikuwa mimi, tangu nina miaka sita. Nikisema sukari haijakolea, anaongeza. Nikisema bado unga haujaumuka, mafundi baiskeli wanasubiri na wananichukia. Niliwahi kuwaweka nusu saa nzima kwa neno moja tu, mimi niliyekuwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Hakuna cheo nilichopata shuleni baadaye kilichonipa utamu ule.

Siku moja mmoja wao alimwuliza bibi kwa nini asionje mwenyewe. Bi Tatu akamjibu bila kuinua macho, "Mkubwa akila kibaya anasema ahsante. Mtoto anatema. Ulimi wa mtoto haujajifunza adabu."

Na wa kwangu ukajifunza. Hapo ndipo nilipofukuzwa kazi.

Nilikuwa na miaka kumi. Bi Tatu alikuwa ametoka kumzika dada yake, macho yamevimba, mikono inafanya kazi yenyewe. Akanipa cha kwanza. Kilikuwa kimechacha, hamira imezidi, kikabaki na uchungu kama kidonge kilichoanza kuyeyuka mdomoni. Nikamtazama bibi wa watu, nikameza. "Kitamu, bibi." Mafundi wakanunua, wakala kimya, wakashukuru. Kesho yake hawakuja. Bi Tatu hakunigombeza. Aliniita tu akaniambia, "Mwanaisha, ulinionea huruma. Huruma ipeleke msibani. Kwenye chuma mimi nataka ulimi." Asubuhi iliyofuata juu ya ndoo yangu alikaa mtoto wa jirani, kamasi mpaka mdomoni. Nimestaafishwa nina miaka kumi! Nililia kuliko nilivyolia kwa matokeo ya hisabati, na matokeo yenyewe mtaa mzima uliyajua, kwa sababu karatasi ya mtihani wangu ilitumika kufungia vitumbua.

Turudi kwenye tamasha, maana hasira zangu zinapoa na sitaki zipoe.

Kona ya Bi Tatu imepigwa alama ya X nyekundu ukutani, wanapanua njia. Haya, maendeleo hatukatai. Ila waandaaji wa tamasha walipita mitaani na fulana zao za rangi moja wakisema wauzaji watakaopitishwa na majaji watapewa meza za kudumu kwenye vibanda vipya vya ufukweni. Wasiopitishwa watajua wenyewe. Kwa mwanamke wa umri wa Bi Tatu, anayeishi kwa chuma kile, maana yake ni kwamba jaji mmoja ashike kitumbua kimoja, aamue.

Bibi akaniomba nimsaidie kubeba vyombo. Tulipofika tukakuta kinu hakiruhusiwi, kinaleta vumbi. Makaa hayaruhusiwi, moshi unaharibu picha. Na mchele aliouloweka ukaambiwa ubaki nje ya uzio na ndoo yake. Kila muuzaji kawekewa jiko la gesi na vitu vya dukani; bibi kapewa unga wa mchele wa pakiti na tui la boksi. Kibaoni wamemwandikia jina la vitumbua kwa Kiingereza, maneno marefu kuliko meza yenyewe. Bi Tatu akaniuliza pale pameandikwa nini. Nikamtafsiria. Akasema, "Kumbe nauza kitu kikubwa hivyo."

Alikoroga ule unga kwa uso wa mtu anayeosha nguo za mwingine. Chuma kikapata moto. Jaji akafika, kijana wa miwani ya jua na aproni nyeusi, nyuma yake wapiga picha wawili.

"Mambo vipi, bibi!"

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Bi Tatu akamtazama toka juu hadi chini, akamjibu shikamoo ambayo hakupewa: "Marahaba, mwanangu."

Kitumbua cha kwanza kikatoka. Jaji akanyoosha mkono. Bi Tatu akaivuta sahani upande wake.

"Subiri. Wewe ni wa pili."

"Bibi, mimi ndiye jaji."

"Nimesikia. Wa pili." Akanigeukia. "Mwanaisha, niletee mtoto."

Mtoto nimtoe wapi! Watoto wote wamekusanywa kona ya mbali kwenye puto kubwa la kuruka, wanaruka huko huku wakubwa wao wanaonja. Tamasha la chakula, watoto wako kwenye puto. Nikamwambia bibi. Akaipindua kwa mguu ndoo tupu iliyokuwa chini ya meza.

"Basi kaa wewe."

Jamani. Miaka saba. Magoti yangu yalifika kidevuni, ndoo ikalalamika, mpiga picha mmoja akacheka. Bibi akakipuliza mara tatu, akanipa.

Kwa nje kilikuwa kizuri kushinda vyote alivyowahi kupika: duara, rangi ya dhahabu, hakina doa la mkaa. Nikauma. Kikanishika ufizi kama gundi. Nikatafuta nazi, sikuiona, nikapata utamu fulani wa dukani, na nyuma ya utamu ule hapakuwa na mtu.

"Haya, ulimi unasemaje?"

Nikamwangalia jaji. Nikaikumbuka ile X nyekundu. Neno moja tu lilitakiwa, kitamu, na bibi angekuwa na meza mpaka mwisho wa maisha yake. Nililifungulia mdomo kabisa. Halafu nikakutana na macho yake, na yalikuwa hayaniombi chochote. Yalikuwa yanauliza.

"Bibi," nikasema, "hiki si chako."

"Kina nini?"

"Hakina nazi. Kinanata."

Akamega kipande, akatafuna taratibu. Akakilaza kijiti chake mezani, akainama, akazima gesi.

"Mwanangu," akamwambia jaji, "leo hakuna."

"Kwani shida iko wapi, bibi? Mbona vimetoka fresh kabisa! Simama tu hapo nikupige picha, alama nakupa."

"Alama ya nini, na hujala?"

"Wenzako wote wamepita hivyo hivyo."

"Wenzangu wamepita na vyao. Hivi si vyangu, umemsikia mtoto."

Mtoto! Mbele ya kamera mbili, na mimi nina chunusi.

Jaji akacheka, akaandika kitu, akahamia kwenye meza ya urojo. Nikamsikia kule akisema "mtamu sana" kabla kijiko hakijafika mdomoni. Ndiyo maana nasema nina hasira. Mimi nilifukuzwa kazi kwa uongo mmoja wa huruma, tena nina miaka kumi. Yule anasema mia kwa siku, anapewa aproni!

Wiki iliyofuata orodha ikabandikwa. Jina la Bi Tatu halikuwemo. Baada ya siku mbili ukuta wa kona ukalala chini, X na vyote. Nilipita pale natoka shule, nikaona alama nyeusi ya jiko lake kwenye mchanga, wanaimwagia kokoto. Sikulala vizuri. Nikaenda kwake nikamkuta uani anakuna nazi, nikamwambia, "Bibi, nisamehe, nimekukosesha meza."

Hakuacha kukuna. "Ungesema kitamu ningepata meza, halafu kila asubuhi ningeuza ile gundi na watu wangeiita ya Bi Tatu. Mpaka nife. Na nikifa wangeendelea kuisifu." Akapangusa jasho. "Kaniletee maji, acha kujiliza."

Siku hizi anapikia uani. Kumfikia unapita uchochoro wa bafu la mabati na bata wawili wenye chuki na binadamu, na wateja ni nusu ya wale wa zamani. Mafundi baiskeli wanafika. Wengine wanapita vibanda vipya, wananunua kitu kilichofungwa kwenye boksi lenye dirisha, wanakipiga picha.

Jumamosi nilimpeleka binamu yangu Shani, ana miaka sita, mtoto wa kizazi hiki kabisa: anatembea na simu ya mama yake, akipewa chakula anauliza kinaitwaje mtandaoni. Bi Tatu alimpokonya simu, akaizika kwenye chombo cha mchele, akamwonyesha ndoo. Kitumbua cha kwanza kikatoka. Nilijisogeza kidogo, sitakataa, nilidhani baada ya yale ya tamasha nimerudishwa kazini. Bibi akanipita kama nguzo ya umeme.

"Haya, ulimi unasemaje?"

Shani akatafuna, akakunja uso, akatema kiganjani kwake. "Chumvi imezidi."

Mafundi baiskeli wakaguna. Bi Tatu akatabasamu, uso mzima, kama ambavyo sijawahi kumwona tangu kona ivunjwe, akainuka kwenda kuongeza tui.

Vilipoiva vingine, Shani akapewa, akala, akaomba kingine. Cha kwangu kilifungwa kwenye karatasi ya daftari la mtu, nikalipa kama wateja wengine. Kilikuwa kitamu, kile kile cha utoto wangu, na nazi yake. Nikala nimesimama katikati ya wakubwa, tayari na jibu mdomoni. Hakuna aliyeniuliza.