Winga Anayehamia

Kwenye kivuko cha kutoka Sengerema, wanachuo waliovaa jezi walikuwa wakibishana kuhusu winga anayetaka kuhamia chuoni kwao.

"Tumchukue, ana mbio yule!"

"Na wa kwetu je?"

"Wa kwetu goti limekwisha, bwana."

Nikamkumbuka marehemu baba mnadani, akiulizia miguu ya ng'ombe wa kulimia.

Nyuma yao, pembeni yangu, alikaa kijana aliyenyoosha mguu, goti kalifunga bandeji. Akawaambia taratibu, "Mchukueni. Ila akiumia, msimwimbie arudi uwanjani kama mlivyoniimbia mimi."

Wakageuka. Mmoja akavua kofia. Mwingine akaniangalia mimi, "Shikamoo, bibi."

Nikaitikia marahaba, ingawa tangu tupande nilikuwa nimeketi palepale bila yeyote kunisalimu.