Aliiba Nyumbani

Sheria ya nyumba yangu ni moja: ukivuka mlango, Kiingereza unakiacha nje pamoja na viatu. Binti yangu ana miaka minane, na kwa muda mrefu alikuwa ananijibu "okay" na "whatever" kama vile yeye ndiye aliyenizaa mimi. Nikamwambia, humu ndani na kwa Tantine, Kiswahili tu. Baba yake yuko Houston anaendesha malori, anakuja wikiendi akipata nafasi, kwa hiyo msimamizi wa sheria ni mimi peke yangu. Na mimi kubembeleza sijui.

Tantine si ndugu yetu wa damu. Ni mama wa makamo kutoka Uvira, anakaa jengo la pili, na wote hapa tunamwita hivyo, yaani shangazi. Mimi nikiwa ghalani napakia maboksi, yeye ndiye anayempokea mtoto basi la shule likimshusha, anampa chakula, anakaa naye mpaka nirudi. Bila Tantine sina kazi. Sisemi kwamba ningebanwa kidogo. Sina kazi, basi.

Sasa Jumapili moja tunatoka kanisani, akanishika mkono pale kwenye magari. Akina mama wengine wawili wamesimama hapo hapo, masikio wazi.

"Mama, utanisamehe. Huyu mtoto wako mimi simpokei tena."

"Kafanya nini?"

"Anaiba."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Kaiba nini, Tantine?"

"Vifuniko viwili vya sufuria zangu sivioni. Lakini tuache hivyo. Nimemkuta jikoni anajifundisha, kwa mdomo wake mwenyewe: 'Mwizi mzuri anangoja mtu ageuze macho. Akaiba ya pili, akaiba ya tatu, halafu akaiba nyumbani.' Namuuliza, ni nani huyo? Ananiambia, 'Ni mtu wangu, nitawasimulia darasa zima.' Na anacheka! Mtoto anajisifia wizi mbele ya mtu mzima."

Mmoja wa wale akina mama akasema "Yesu!" akabana mkoba wake kwapani. Nilimwona. Mpaka leo nikimwona na ule mkoba damu inanichemka.

Nilimwambia Tantine, twende kwako, sasa hivi, tumalize. Ndani ya gari, Tantine kando yangu na mtoto nyuma, mimi naendesha tu. Kichwani nampangia adhabu, na papo hapo najiuliza kesho atakaa na nani. Msimamizi wangu hataki kusikia habari ya mtoto. Mwenzangu mmoja alileta habari ya mtoto, hakurudi.

Tulipofika kwenye jengo la Tantine, sikungoja kuingia ndani. Nilimsimamisha pale pale kwenye maegesho.

"Umeiba nini?"

"Sijaiba mimi. Aliiba yeye."

"Yeye nani? Yuko wapi?"

"Alikufa. Zamani."

Tantine akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia?"

"Aliiba nyumbani kwa nani?" nikauliza.

"Si kwa mtu! Home. Home tu, Mama!" Macho yalishamjaa machozi. "Wewe ulisema niseme Kiswahili!"

Nikamwambia, haya, sema kwa lugha yoyote unayotaka, ila sema.

Kumbe shuleni kila mtoto alipewa jambo la zamani la kusimulia. Wenzake walipata marais na ndege ya kwanza, yeye akapata timu ya besiboli iliyochukua ubingwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Alikuwa ameniambia ana kazi ya shule, nami nikasema vizuri, nikaendelea kukoroga ugali. Akakimbia nyuma ya jengo, akarudi na vifuniko viwili vina majani. "Nilikuwa nafanyia mazoezi," akasema. Akaviweka chini, akanivua kiatu kimoja akakiweka pembe ya tatu, na sweta yake akaitandika karibu na miguu yangu. Vituo vinne. Unaanzia nyumbani, ndiyo hiyo sweta, unazunguka vyote, ukirudi nyumbani timu yako imepata pointi. Na kuiba ni kukimbilia kituo cha mbele wakati mrusha mpira hakuangalii.

Akaanza kusimulia, nusu Kiingereza nusu Kiswahili. Timu ilianza msimu vibaya mpaka watu wa mji wao wenyewe wakawazomea. Walisafiri kwa treni siku nzima kwenye joto, wanashuka wanacheza. Glavu zao zilikuwa ndogo kama za kuoshea vyombo. Mpira walitumia ule ule mpaka ukawa mweusi wa udongo na mate, ukirushwa haraka huuoni. Halafu jua la kiangazi lilipokuwa kali kabisa, wakaanza kushinda. Mechi ya mwisho wako sawa kwa sawa, na yule mtu wake amesimama kituo cha tatu.

Tantine akapewa soksi zilizofungwa mviringo, awe mrushaji. Mimi nikawekwa nyumbani nimguse kabla hajafika. Mtoto akasimama kwenye kiatu changu, anamtazama Tantine kama paka.

"Geuza macho, Tantine!"

Tantine akageuza kweli. Mtoto akaja mbio na gauni la kanisani, akajitupa kwenye sweta, na mikono yangu haikugusa kitu. Akanyanyuka, akatandaza mikono kama mwamuzi. "Salama!"

"Kwa hiyo hakuchukua kitu cha mtu?" Tantine akauliza.

"Hapana."

"Na huo ubingwa ulikuwa wa nini?"

"Wa dunia."

"Zilicheza nchi ngapi?"

"Hii moja."

"Basi wizi wenyewe ndio huo!" Akacheka mpaka akashika gari la mtu. "Mwanangu, kesho ukishuka kwenye basi njoo. Utakuta maharage."

Nilitaka kucheka, ila hasira yangu haizimwi kama taa. Nikamwambia, "Tantine, ulisema mbele ya watu. Utayafuta maneno hayo mbele ya watu."

Hakubisha. Akatoa simu hapo hapo, akampigia yule wa mkoba, sauti nje nisikie.

"Allô, mama? Yule mtoto hakuiba. Alikuwa anakimbia... Hapana, hakuna polisi aliyemkimbiza! Sikiliza kwanza..."

Nilikaa kwenye ukingo wa lami, mguu mmoja hauna kiatu, nikasikia mabega yanashuka yenyewe. Kesho nina kazi.