Waliokuwa Ukutani kwa Mwalimu Yasinta

Si kweli kwamba Mwalimu Yasinta wa Miyuji alikuwa akifuatwa na wanaume. Wanaume walikuwapo, hilo halikanushwi: kila jioni watano au sita waliegemea ukuta wake, nyuso zimeinamia simu. Lakini mjane huyo, aliyefundisha fizikia miaka thelathini na moja, hakuwa amemwita hata mmoja, na binti yake Edina pia hakuwa amemwita yeyote.

Maneno yalifika Kongwa kabla hayajamfikia mwenyewe. Jumatano shemeji yake, Batholomeo, alipiga simu kutoka huko.

"Shemeji, washenga wa Edina waje Jumamosi au wasije?"

"Kwa nini wasije?"

"Wanasema nyumba ya marehemu kaka imegeuka kijiwe."

Tangu saa ile hakukalika. Chai ilipoa mezani. Alifunua pazia, akalirudisha, akalifunua tena. Ludovick, mumewe, alikuwa na miezi saba tu kaburini, na tayari jina lake linaburutwa barabarani. Jioni aliposikia vicheko nje, alijifunga khanga akafungua geti.

"Mnamngoja nani hapa?"

"Shikamoo mama," alijibu Matonya, dereva wa bodaboda aliyesaidia kufunga maturubai siku ya msiba. "Hatungoji mtu. Tuko mtandaoni."

"Mtandao wa nani?"

"Wa mzee Ludovick, Mungu amrehemu. Hapa ukutani unashika kweli kweli!"

Wenzake walicheka. Hapo Yasinta akakumbuka. Wakati wa msiba, ndugu walio mbali walitaka kuona ibada kwa simu, na waombolezaji wakaomba intaneti ya kuwarushia. Edina aliandika neno la siri kwenye karatasi, akaibandika juu ya meza ya kitabu cha rambirambi: Ludovick1957. Tanga likaanuliwa, karatasi ikabanduliwa, neno likabaki. Yasinta hakutaka kulibadilisha. Lilikuwa jina la mumewe, na lilikuwa bado linafanya kazi.

Alirudi ndani, akaipindua ruta, kile kisanduku cha intaneti cha sebuleni, akasoma anwani iliyobandikwa chini yake na kufungua mipangilio kwenye kompyuta. Alitarajia vifaa vitatu, vyake na vya Edina. Akahesabu kumi na tisa. Cha nne kilijiita "Simu ya Anastazia". Cha tano, "TV ya Anastazia".

Anastazia ni jirani wa ukuta mmoja, na dada yake anaishi Kongwa. Kumbe maneno ya kumchafua Yasinta yalikuwa yakipitia sebuleni kwake mwenyewe, kwenye kisanduku kile kile chenye taa za kijani.

Yasinta akafika penye neno la siri. Kulifuta jina lile ilikuwa kama kumzika Ludovick mara ya pili. Akalifuta. Akaandika neno jipya, refu, lisilo na jina la mtu; akachagua ulinzi ulio imara kuliko wote kwenye orodha; akabadilisha na neno la kuingilia ruta yenyewe, ambalo lilikuwa bado lile la kiwandani.

Alhamisi jioni ukuta ulikuwa mtupu. Hata hivyo alichungulia mara nne. Ijumaa, hodi.

"Mwalimu, hivi mtandao wetu umepatwa na nini?" aliuliza Anastazia.

"Wetu?"

"Aa, wenu. Nauliza tu."

"Kesho nina wageni. Njoo unisaidie kupika."

Jumamosi washenga walikuja, na Batholomeo naye akafika kutoka Kongwa. Mkubwa wao, mzee Nathanaeli, hakuzunguka.

"Mama, tulisikia habari za wanaume ukutani."

"Walifuata intaneti tuliyoigawa msibani. Nimeifunga. Kaa mpaka jioni, utazame mwenyewe."

Mzee aliridhika. Batholomeo hakuridhika.

"Na aliyeleta maneno Kongwa ni nani, shemeji? Mtaje hapa hapa, tumalize."

Anastazia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la pilau, vijiko vikigongana. Yasinta aliinuka, akampokea, akaliweka sinia katikati ya meza.

"Nawa mikono, shemeji. Lililohusu nyumba yangu nimelieleza. Zaidi ya hapo sisemi."