Viatu vya Mjini vya Bi Elspeth

Saa sita kasorobo mchana, Methodius Rwegasira anatembea polepole kwenye korido ya nyumba ya kutunzia wazee, mashariki mwa Toronto. Kwapani amebana jozi ya viatu vyeusi vya kike. Mkono mwingine umemshika Bi Elspeth, mwenye miaka tisini na moja. Nje theluji inaanguka bila sauti. Ndani, bibi huyo yuko kijijini kwao.

"Hapa kwa fundi viatu," anasema, akionyesha mlango wa chumba cha dawa. "Pale shule."

Kijiji chenyewe ni Craigmurdie, huko Uskoti. Nyumba arobaini tu, zimeegemea ubavu wa mji mkubwa, na kati ya kijiji na mji kuna daraja la mawe. Aliondoka huko angali msichana. Mengine yote yamemtoka kichwani, kijiji kimebaki.

Methodius, mzaliwa wa Kamachumu, Kagera, ana miaka sita katika kazi hii ya kuhudumia wazee, ya dola kumi na sita kwa saa. Hupanda mabasi mawili kutoka mtaa anakoishi, Flemingdon Park. Hajawahi kuteseka moyoni kama Januari hii ya 2011.

Kila mchana Bi Elspeth alifika mlango wa chumba cha kulia, akagoma. "Huko ni mjini," alisema. "Siwezi kwenda hivi."

Akiletewa chakula chumbani, alikisukuma. "Cha kitandani ni cha wagonjwa."

Kutoka kilo 47 akashuka hadi 42. Daktari akasema asipokula kufikia Ijumaa, atapelekwa hospitali awekewe mrija wa kulishia.

"Nilisali rozari ndani ya basi," anasema Methodius. "Nikamwomba Mungu anionyeshe anachokiona huyu bibi."

Alhamisi akagundua macho ya bibi yanatazama wapi pale mlangoni: chini, kwenye ndara zake.

"Nikamkumbuka mama. Jumapili alitembea pekupeku, viatu mkononi, tope hadi magotini. Karibu na kanisa ananawa kwenye kijito, ndipo anavivaa."

Akamuuliza Bi Elspeth, "Bibi, kwenu mlibadilisha viatu wapi?"

"Darajani," alijibu, kama anayeulizwa na mjinga. "Ulitaka watu wa mjini watucheke?"

Methodius akaleta viatu kutoka kabatini, akapiga goti mlangoni, akamvisha. Muuguzi Kubra, aliyekulia Arusha, akapita.

"Kaka Methodius, ndiyo mnahamia mjini?"

"Sokoni tu, dada. Tutarudi."

Bi Elspeth akavuka. Akamaliza supu, akaagiza na mkate.

Hospitali hakupelekwa. Sasa, mwishoni mwa Februari, ana kilo 44, na kila mchana wanasimama pale pale kubadilisha viatu, bila haraka.

Methodius ameomba ruhusa ya kumtoa nje mwezi wa tano, waende duka la matunda la mtaa wa pili.

"Ameniambia nisisahau kikapu," anasema. "Nimeshakinunua. Kilichobaki namwachia Mungu, amfikishe mwezi wa tano."