Kibuyu Kilichoimba Kasrini

Mzee Tong Baolin hakuwahi kusikia la mtu. Nasema hivyo kwa sababu nimeishi naye ua mmoja, mlango kwa mlango, tangu sote tukiwa na meno yetu. Ukimwambia barafu imeganda kizingitini, atatoka ahakikishe kwa kisogo. Alikuwa fundi wa mabomba ya joto katika kiwanda cha nguo mpaka alipostaafu, na mkewe alipofariki akabaki na viumbe wawili wa kuwapenda: binti yake Suqiu, na nyenje wake.

Wazee wa vichochoro vyetu hapa Beijing wengi hufuga nyenje majira ya baridi. Wa Mzee Tong alikuwa wa kijani, mnene kama kidole gumba, na alimwita Bwana Mdogo. Alimlisha vipande vya karoti kwa kijiti, huku mwenyewe akila kabichi ya jana. Bwana Mdogo aliishi ndani ya kibuyu chenye kizibo cha matundu, na kibuyu kiliishi kifuani mwa Mzee Tong, ndani ya koti la pamba. Nyenje akipigwa na baridi ya nje hamalizi muda wa kunywa kikombe cha chai. Akipata joto la mwili, anaimba mpaka jirani unatamani kumkaanga.

Suqiu naye alikuwa na yake. Duka la viatu alilouzia lilifungwa, akakaa nyumbani mtu mzima akila pensheni ya baba yake, na aibu hiyo ilimkondesha. Alipopata kazi Kasrini, jumba la kale la wafalme ambalo sasa ni makumbusho, mlinzi wa ukumbi wa maonyesho, nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Lakini walimchukua kwa majaribio kwanza. Akaja kwa baba yake, nami nikiwepo, akamketisha kama mtoto.

"Baba, usije Kasrini mpaka wanithibitishe. Nakuomba."

"Kwani mimi nina ukoma?"

"Mwenzangu alifukuzwa kwa sababu shemeji yake aliingia na chupa ya chai akaimwaga mbele ya picha za hariri. Msimamizi wetu, Bi Kou, anasema mlinzi asiyeweza kulinda jamaa zake hawezi kulinda mali ya taifa. Subiri Jumatatu tu."

"Maonyesho ya vibuyu yanafungwa Jumapili."

"Baba."

"Nimesikia," alisema, na mimi nikajua hajasikia.

Maana maonyesho yenyewe yalikuwa ya michezo ya wafalme wa kale: vizimba vya ndege, filimbi za kufungwa mikiani mwa njiwa, na vibuyu vya nyenje. Babu yake Mzee Tong alikuwa mkulima wa vibuyu hivyo. Kibuyu kikiwa kichanga bado shambani, anakifungia ndani ya kalibu ya udongo iliyochongwa maua, nacho kinakua kikilishika umbo na maua yake. Vingi huoza au kupasuka, vichache hutoka vizima, na hivyo vichache vilikwenda kwa wakubwa. Mzee Tong alitaka kuviona kabla hajafa. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa yaliyofuata.

Jumapili asubuhi nilimkuta anafunga vifungo vya koti. Nikasema naenda naye, si kwa hamu ya vibuyu, bali kumchunga.

"Bwana Mdogo umemwacha wapi?" nilimuuliza. "Mlete kwangu, akae karibu na jiko."

"Nimemweka pazuri," alijibu.

Langoni, baada ya mifuko yetu kupita kwenye mashine, askari mmoja binti alimpapasa Mzee Tong kifuani akakuta kitu kigumu. Akamwambia akitoe.

"Nini hiki, babu?"

"Kibuyu, mjukuu wangu. Nimekuja kuwasalimia jamaa zake."

Binti alicheka. Kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa kusini, huko ambako kibuyu ni kibuyu. Mzaliwa wa hapa angekipeleka sikioni. Alikigeuza mara moja, akamrudishia, na sisi tukaingia.

Nilimshika mkono tulipofika uani. Upepo ulikuwa unachoma masikio.

"Kaka Tong, niambie hicho ni kitupu."

"Joto la nyumba lilizimika alfajiri, Dada Shan. Ulitaka nimwache afe?"

"Nilikwambia umlete kwangu."

"Ana chuki nawe. Unamtishia kumkaanga."

"Turudi nyumbani, sasa hivi. Ukumbi wa pili una picha za hariri. Unajua mdudu mle ndani ni nini? Wadudu hula hariri; ni moto huo. Na Suqiu ndiye atakayeungua."

"Kwa baridi hii amelala. Hata kukohoa hakohoi. Tunatazama, tunatoka, basi." Na miguu yake ilikuwa imekwisha kupanda ngazi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamfuata, kwa sababu kumwacha peke yake kungekuwa kubaya zaidi.

Ndani kulikuwa na joto na watu wengi, wametulia kama watu walioingia hekaluni. Njia ilikuwa moja tu: unaingia mlango wa mashariki, unasogea na foleni kando ya makabati ya vioo, unatokea magharibi. Na pale magharibi, kwenye kabati la mwisho, alisimama Suqiu katika sare ya buluu, nywele amezifunga nyuma. Sikuwahi kumwona amesimama wima hivyo. Alituona tulipokuwa bado mbali. Uso haukubadilika, ila mkono wake mmoja uliushika mwingine.

Mzee Tong hakumtazama. Nashukuru alikuwa na akili hiyo angalau. Alikuwa ameinamia kioo, pua karibu iguse, anatazama kibuyu cha rangi ya asali chenye maua ya peoni yaliyoota pamoja nacho.

"Hivi ndivyo," alininong'oneza. "Tazama shingo yake. Babu alisema shingo ndiyo hupasuka." Kisha akasema, kwa huzuni ya kweli, "Vimekaa kimya vyote, Dada Shan. Vibuyu vizuri hivi, na ndani hamna mtu."

"Sogea," nikamwambia. "Foleni inasogea, sogea nayo."

Tukasogea. Jasho jembamba lilikuwa linanitoka, na hapo ndipo nilipoelewa: kama mimi natoka jasho, ndani ya lile koti la pamba kukoje?

Bwana Mdogo akaimba.

Alianza kwa kukwaruza kidogo, kama mtu anayejaribu kufuli, kisha akaachia sauti yote. Ukumbi mzima ulisikia. Watu waligeuka huku na huku wakitabasamu, na bwana mmoja mwenye miwani akamwambia mkewe, "Wamefanya vizuri, wameweka na sauti." Mzee Tong aligonga koti lake kwa viganja. Kimya. Tukasogea kabati moja. Akaimba tena.

Nitasema kitu ambacho bado kinanikera. Kwa kitambo kidogo uso wa mzee yule uliangaza. Nyenje alikuwa anaimba katikati ya vibuyu vya wafalme, na yeye akasahau kila kitu, binti yake akiwemo. Nilimfinya kiwiko kwa nguvu zangu zote.

Bi Kou alitokea mlango wa pembeni. Alikuwa mwanamke mfupi, nywele za mvi zimekatwa sawasawa, redio mkononi. Alisikiliza, kichwa amekiinamisha.

"Maonyesho haya hayana sauti," alisema. Kisha akasema redioni milango yote miwili ifungwe. "Kuna kiumbe hai humu. Hatoki mtu mpaka kipatikane. Suqiu, kiko upande wako."

Wale waliokuwa wanatabasamu wakaacha. Nilimtazama Suqiu. Alikuwa na njia mbili tu mbele yake. Angeweza kunyamaza, tupekuliwe mmoja mmoja, na aonekane mlinzi asiye na masikio. Au angeweza kusema, na akisema, atasema nini? Mchuma janga hula na wa kwao, na janga lenyewe lilikuwa linaimba kifuani mwa baba yake.

Suqiu akaja. Viatu vyake vilisikika sakafuni. Watu wakampisha.

"Mzee," alisema, "kilicho ndani ya koti lako, kitoe tafadhali."

Sauti yake haikutetemeka. Mzee Tong alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama kama unavyomtazama karani wa benki.

"Samahani, binti," alisema. "Sikujua kuwa ni kosa."

Akatoa kibuyu. Bwana Mdogo, mwanga ulipompata kupitia matundu, akanyamaza wakati ambapo hakukuwa tena na faida.

Bi Kou alikuja karibu. Hakukitazama kibuyu. Alimtazama Mzee Tong, kisha Suqiu, kisha Mzee Tong tena. Watu wa Tong wana masikio ya aina yao, makubwa, yamechomoza kama vishikio vya sufuria. Nilitamani nimvike mzee kofia hadi mabegani.

"Suqiu," alisema Bi Kou polepole, "unamfahamu mzee huyu?"

"Simfahamu," alisema Suqiu.

Neno moja tu. Nilimwona Mzee Tong akitikisa kichwa kidogo kulikubali, kama mtu aliyepokea chenji yake sawasawa.

"Kuna anayemfahamu?"

Midomo yangu ilifunguka kabla sijafikiri. "Mimi. Mume wangu huyu. Nimeolewa na ukaidi, mama, miaka yote hii. Nilimwambia amwache huyo mdudu nyumbani. Unadhani alisikia? Mabomba yakipasuka hasikii, maziwa yakimwagika hasikii, ila mdudu akipiga chafya anaamka." Na nilipoanza sikuweza kuacha, kwa sababu hasira yenyewe ilikuwa ya kweli. Watu wengine wakacheka kwa pua. Mzee Tong aliinamisha kichwa kama mume hasa.

Bi Kou alininyamazisha kwa mkono. "Suqiu, watoe. Kibuyu kifunguliwe nje, nikiona. Ukirudi ndani hata mguu mmoja wa mdudu, nafunga ukumbi."

Tukatoka mlango wa magharibi. Uani theluji ya juzi ilikuwa bado imelala pembezoni, na Bi Kou alisimama kizingitini mikono kifuani. Suqiu alikipokea kibuyu. Kizibo kilimshinda. Vidole vilikuwa vinateleza, akajaribu tena, huku msimamizi wake akitazama.

"Lete, binti," alisema Mzee Tong. "Kina namna yake. Nitafungua mwenyewe."

Alikifungua, akakiinamisha juu ya jiwe, akakigonga kitako taratibu. Bwana Mdogo alitoka, wa kijani kabisa juu ya weupe ule. Alitembea hatua chache. Alinyanyua mguu mmoja wa nyuma kana kwamba ana jambo la kukumbuka, akauacha hapo hapo. Mzee Tong alisubiri mpaka mwisho. Kisha akakifunga kibuyu kitupu akakirudisha kifuani, mahali pake.

Bi Kou aliingia ndani. Mlango ulibaki wazi, na watu walikuwa wanatazama.

"Lango la kaskazini ni kule, mzee," alisema Suqiu kwa sauti ya kazi. Kisha akaongeza, "Njiani kuna barafu. Usiteleze."

"Asante, binti."

Tukashika njia ya nyumbani. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nimeyapanga kama sahani, lakini nilipomwona ameweka mkono juu ya koti, pale pale kifuani, yakaniishia.

Jumatatu jioni Suqiu alikuja na cheti cha ajira. Nilikuwa kwao nakunja maandazi ya nyama. Bi Kou alikuwa amemsifu mbele ya wenzake wote: huyu alimtoa mzee bila kumwonea haya na bila kumvunjia heshima, hivi ndivyo inavyotakiwa. Suqiu alisimulia hivyo, halafu akafunika uso.

"Baba, nilisema sikufahamu."

"Ulisema vizuri," alisema Mzee Tong. "Hata mimi niliamini. Kula, yanapoa."

Hakufuga nyenje tena. Nilimletea mmoja kutoka sokoni, tena kwa hela yangu, akampa jirani. Lakini Kasrini anakwenda. Kila maonyesho mapya yakifunguliwa, picha, saa za kale, vikombe, anavaa koti safi na kunigongea mlango, maana mke lazima awepo. Langoni anageuza mifuko yake yote nje kabla hajaambiwa. Tunasogea na foleni mpaka alipo Suqiu, na hapo hawezi kumwita kwa jina, wala Suqiu hawezi kumwita baba, kwa sababu neno lililosemwa mbele ya Bi Kou linabidi libaki kweli maadamu kazi ipo. Wanatazamana kama watu wa foleni.

Mwezi wa saba uliopita jua lilikuwa linapasua mawe, na watu walitembea na feni mikononi. Tulipofika mlango wa magharibi, Suqiu aliinama kidogo kama anavyowainamia wageni wote.

"Usiteleze, mzee," alisema.

"Asante, binti," alisema Mzee Tong, na akashuka zile ngazi kavu kwa uangalifu, ngazi moja moja.