Ugonjwa wa Meza ya Mtu Mmoja

Tabibu wa zahanati yetu hunawa mikono mara mbili, kisha hukausha kidole kimoja kimoja kama anayefuta vikombe vya wageni. Mimi mwandika kadi wake, mpaka leo nikimtazama nasahau kufunga mdomo. Juzi alikuja bibi mjane, amekonda kwa kutokula; kote alikopita aliambiwa haumwi. Tabibu akampima, akaandika polepole: solomensitis.

“Neno la Kiingereza, bibi. Nimelitunga sasa hivi kwa maneno ya Kilatini. Solo ni peke yako, mensa ni meza, na -itis mwishoni ni ugonjwa.”

“Kumbe naumwa kweli! Dawa yake?”

“Kula na mtu, kutwa mara mbili.”

Bibi akalitazama bakuli la chakula cha tabibu lililofunikwa dirishani.

“Na wewe, mwanangu, dawa hii unaitumia na nani?”

Tabibu akanawa mikono, mara mbili, akavuta kiti cha pili.